Jua Lililomegwa Tarehe Kumi na Nane

Tromsø, 3 Novemba 1912

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Shangazi Dorthea, ambaye anasema ule vizuri na usibishane na wauguzi.

Daftari lako la safari limefika salama. Bado linanuka mafuta ya sili, na Shangazi amenikataza kuliweka mezani pa chakula, kwa hiyo nimelipa nafasi kwenye dawati langu karibu na dirisha. Dirisha lenyewe siku hizi halina kazi kubwa. Mwisho wa mwezi jua litatuaga kabisa.

Nimeanza kunakili kama ulivyoniagiza, kurasa nne kila siku baada ya masomo. Bibi Lyngvær, mwalimu wetu wa hesabu, amenipa wino mweusi wa shule na kuniambia nisiharakishe. "Ragnfrid," alisema, "mwandiko mzuri ni heshima kwa msomaji." Nikamwambia wasomaji wenyewe ni Tume ya Kristiania inayochunguza safari yako, watu watano wenye ndevu. Akasema hata wenye ndevu wana macho.

Sitakuficha kwamba watu wanasema. Gazeti lile lililoandika kwamba watu wawili na mbwa kumi na mmoja, bila shahidi wa tatu, wanaweza kukubaliana lolote wakiwa njiani, limepita kila nyumba. Kasper, mtoto wa mfamasia, aliniuliza mbele ya darasa zima, "Hauan, hivi baba yako alifika Ncha ya Kaskazini, au alijificha nyuma ya mlima akala biskuti miezi mitatu?" Wakacheka. Nikamjibu, "Angekuwa nyuma ya mlima ungemwona, maana wewe hujawahi kwenda mbali zaidi ya hapo." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Mimi najua kwamba ulifika. Ninanakili ili na wao wajue.

Mwanao,
Ragnfrid

*

Valdres, 14 Novemba 1912

Ragnfrid wangu mwenye ulimi,

Huyo mtoto wa mfamasia mwambie kwamba biskuti ziliisha wiki ya tatu.

Hapa wanatulaza nje barazani tukiwa tumefunikwa manyoya ili tuvute hewa baridi. Nimewaambia kwamba kama baridi ingekuwa dawa ya kifua, mimi ningekuwa mtu mwenye afya kuliko wote Ulaya. Sista Alvhild hakucheka. Ni mwanamke anayepima homa kama anayetoza ushuru.

Sasa sikiliza, maana mikono inachoka upesi. Nakili kila kitu. Usirekebishe hata herufi moja. Nilipokosea, kosea kama mimi. Nilipoandika upuuzi, andika upuuzi. Vipimo vya jua mtu yeyote mwenye jedwali anaweza kuvitengeneza akiwa sebuleni kwake, na Tume wanalijua hilo. Lakini mtu anayesema kweli huonekana katika upuuzi wake.

Siwezi kurudi kule kupima tena. Siku tuliyofika, jua lilionekana kwa nusu saa, nikapima, ukungu ukafunga, na haukufunguka tena siku mbili. Nusu saa hiyo ndiyo yote niliyo nayo ya kuonyesha katika maisha yangu. Wakisema sikufika, nitaumia, lakini nitaamka kesho yake. Wakisema nimedanganya, sijui atakayeamka ni nani.

Msalimu Shangazi yako. Vaa soksi mbili.

Baba yako,
Torgils Hauan

*

Tromsø, 24 Novemba 1912

Mjomba Mikal,

Samahani kwa kukuandikia bila Baba kujua. Najua wewe si mjomba wangu wa damu. Lakini ulimvuta Baba kwenye sleji ya kuburuta juu ya theluji siku kumi na tisa, akiwa hajitambui, mpaka ukamfikisha melini, na katika nyumba yetu hatuna jina jingine la kumwita mtu wa namna hiyo.

Nimefika kwenye kurasa za Aprili. Baba ameandika hivi:

"Alhamisi, 18 Aprili. Barafu nzuri. Tulipopumzika, jua lilimegwa upande wa chini, kama biskuti iliyoumwa na mtoto. Mikal anasema ni macho yetu yamechoshwa na theluji. Lilikaa hivyo zaidi ya saa nzima, kisha likajaa. Sina ukurasa wa mambo haya. Kwenye kalenda ya mabaharia nilichana nikabeba jedwali la jua peke yake, kupunguza uzito."

Niliposoma nilifurahi hata nikasimama, kwa sababu hata mimi niliona jua lile. Shule nzima tulitoka uani na vipande vya vioo tulivyovipaka moshi wa mshumaa, na Bibi Lyngvær akatuchorea mwezi unavyopita mbele ya jua. Nikafikiri, siku ile Baba na mimi tulikuwa tunatazama kitu kimoja, kwa wakati mmoja.

Kisha nikakumbuka kwamba ilikuwa Jumatano. Ilikuwa tarehe kumi na saba. Nimetazama daftari langu la shule, nimetazama gazeti la siku ile, na nimetazama kalenda ya mabaharia iliyobaki kabatini bila zile kurasa alizozichana. Zote zinasema kumi na saba.

Basi nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa kutafuta mahali ambapo siku moja iliongezeka. Kuna ile dhoruba ya Pasaka. Baada yake Baba alipima jua akaandika, "Tumesukumwa maili ishirini na zaidi kuelekea kaskazini tukiwa tumelala hemani. Mungu ametuonea huruma." Lakini siku mbili kabla ameandika kwamba upepo unatoka kaskazini. Upepo wa kaskazini unamsukumaje mtu kwenda kaskazini?

Nilimwuliza Bibi Lyngvær bila kumwambia ni kwa ajili ya nini. Alisema mwezi wa Aprili jua hupanda kidogo kila siku, na anayepima urefu wa jua lazima ajue tarehe, la sivyo jedwali litampa jibu la siku nyingine. Mwishoni mwa Aprili, kosa la siku moja ni maili ishirini za baharini. Ukidhani leo ni kesho, utajiona uko maili ishirini mbele ya miguu yako.

Mjomba, nimefanya hesabu mara sita. Niambie kwamba nimekosea. Wewe ulikuwepo.

Kwa heshima,
Ragnfrid Hauan

*

Vardø, 2 Desemba 1912

Binti Kapteni,

Barua yako imenikuta ghalani natia chumvi chewa, kwa hiyo usishangae madoa.

Mimi ni mtu wa sili na samaki. Mambo ya jedwali alikuwa nayo baba yako. Ninachojua ni kwamba tulitembea mpaka Kapteni akasema simama, nikasimama. Tukapandisha bendera, tukapeana mikono, mbwa mmoja akaikojolea nguzo. Hayo niliyaona kwa macho.

Huku wananiita Mikal wa Juu. Juzi mgahawani kwa Tønnes jamaa mmoja aliniuliza, "Mikal, ukiwa umesimama Nchani, upepo unaovuma unatoka wapi?" Nikamwambia, "Kusini, bwana. Pande zote ni kusini, hata mkeo akikuita anakuita kutoka kusini." Watu wakacheka, nikaletewa kahawa na mkate wa siagi. Miaka arobaini na nane nimeishi katika mji huu na hakuna aliyewahi kuniletea kahawa.

Sasa pokea neno la mtu mzima. Daftari lile lina kurasa mia mbili na kumi. Mstari mmoja ukidondoka njiani, hakuna atakayesikia kishindo. Lakini ukibaki, mabwana wale wataufikia kama wewe ulivyoufikia, maana wana kalenda kubwa kuliko yako. Na baba yako kifua ndicho hicho unachokijua.

Usimwandikie juu ya jambo hili. Nakuomba, mwanangu.

Mikal Bertheussen

*

Tromsø, 10 Desemba 1912

Baba mpendwa,

Nakala imeondoka leo asubuhi na meli ya posta, imefungwa kwa karatasi ya nta. Nililisindikiza furushi mpaka gatini nikasubiri mpaka waliposhusha kamba. Bibi Lyngvær anasema hajawahi kuona mwandiko wangu ukiwa safi hivi.

Nimenakili hata pale ulipoandika kwamba maharagwe ya kopo ni adui wa taifa. Nimenakili majina ya mbwa wote na siku waliyokufa. Shangazi alilia kwa ajili ya Bamse.

Huku jua limekwisha kuondoka. Daftari lenyewe nimelirudisha kwenye kitambaa chake na kuliweka kabatini.

Sina habari nyingine.

Mwanao,
Ragnfrid

*

Valdres, 30 Januari 1913

Mwanangu,

Gazeti lenye hukumu ya Tume limefika. Bila shaka huko mmekwisha lisoma.

Nimelisoma mara nne. Hawasemi kwamba nilikosea. Hilo ningelijibu. Wanasema kwamba katika kurasa zote hawakukuta "hata sentensi moja ambayo mtu asingeweza kuiandika akiwa ameketi kitini kwake." Kwa hiyo wanahesabu kwamba niliketi kitini. Wanasema nilikatwa vidole vitatu vya miguu melini, lakini vidole huganda popote.

Mezani kwangu hapa hula mzee mmoja, karani wa forodha mstaafu. Tumecheza karata kila siku tangu Oktoba. Jana alisema ana usingizi. Leo pia alisema ana usingizi, kisha nikamwona chumba cha pili anacheza na mwingine.

Ragnfrid, nina swali moja. Miezi hii yote, nikilala barazani, nilikuwa nimeegemea mstari mmoja kama mtu anavyoegemea mto. Kwenye kurasa za Aprili niliandika kwamba jua lilimegwa. Sikuwa na ukurasa wa kuniambia kama ni kupatwa kwa jua au ni macho yangu. Lakini Sista Alvhild amenieleza kwamba mwaka jana, theluji ikiyeyuka, jua lilipatwa kweli. Siku haikumbuki. Basi nikasema, hapo ndipo watakaponikuta. Mtu aliyeketi kitini hawezi kujua jua lilimegwa kiasi gani kule, na upande upi. Kuna wanajimu wawili katika Tume ile. Wameupitaje mstari huo bila hata neno?

Fungua daftari, unitazamie. Niliuandika kweli? Mimi nilirudi na homa ya miezi miwili, na mambo mengi ninayoyakumbuka yana homa ndani yake. Kama jua lile niliota, basi labda niliota na mengine. Siku hizi ninapofumba macho siioni tena bendera.

Niambie ukweli, kama ninavyojua utafanya.

Baba yako

*

Tromsø, 8 Februari 1913

Baba,

Hukuota. Ukurasa wa mia moja na arobaini na mbili, mstari wa tisa. Ulisema lilikuwa kama biskuti iliyoumwa na mtoto.

Tume hawakuusoma kwa sababu mimi sikuuandika. Nilifika kwenye mstari ule nikauruka, nikaendelea na mstari wa kumi na tano, na nikapanga maneno yasogee ili pengo lisionekane. Uliniambia nisirekebishe hata herufi moja. Niliondoa mistari sita.

Nitakueleza kwa nini, na nakuomba usome mpaka mwisho. Jua lile ulilitia tarehe kumi na nane. Jua lilipatwa tarehe kumi na saba. Nililiona kwa macho yangu. Tangu dhoruba ya Pasaka daftari lako linakwenda siku moja mbele ya dunia. Siku uliyopima jua pale mlipopandisha bendera haikuwa tarehe ishirini na nne. Ilikuwa ishirini na tatu. Nimekuandikia hesabu yote kwenye karatasi ya pili, na urefu wa jua uliopima, na jedwali la siku zote mbili. Ukitumia siku ya kweli, mlikuwa nyuzi themanini na tisa na dakika arobaini, na Ncha ni tisini kamili. Zilibaki maili ishirini.

Niliogopa wataona hivyo. Nilifikiri kutofika ndilo jambo baya kuliko yote, ingawa wewe uliniandikia wazi kwamba silo. Barua yako ya Novemba ninayo. Nimeisoma tena leo, na sijui ni kwa nini sikuisoma vizuri wakati ule.

Ulisema kweli kila siku, hata siku uliyokuwa umekosea. Ushahidi ulikuwepo, nami ndiye niliyeutoa.

Nitatuma daftari lenyewe Kristiania. Nangoja ruhusa yako tu.

Ragnfrid

*

Vardø, 9 Februari 1913

Ragnfrid,

Magazeti yamefika huku pia. Nilipoingia kwa Tønnes hakuna aliyeniletea kahawa. Kisha mmoja akasema, "Mikal, basi hata huyu mbwa aliyekojoa mlimtunga?" Sikukaa.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia kiumbe. Lilipokuja swali lako mwaka jana nilijua jibu lake kabla sijamaliza kusoma.

Kila siku saa moja asubuhi Kapteni alitia saa ufunguo, kisha akapiga alama ya siku nyuma ya daftari. Hiyo ilikuwa ibada yetu. Saa ikisimama, umepotea. Jumamosi ya Pasaka dhoruba ilikuwa imetufunika hemani, theluji imepanda mpaka juu, mwanga ni ule ule mweupe mchana na usiku. Kapteni alikuwa na homa, analala na kuamka. Nami nikasinzia. Nilipoamka mishale ilikuwa saa moja. Ya jioni au ya asubuhi? Sikujua. Yeye alikuwa anakoroma. Nikasema, kama ni asubuhi na saa haijatiwa ufunguo, itakufa. Nikaichukua mimi.

Ufunguo ule kwa siku nzima huzunguka mara kumi na sita. Siku ile ulizunguka mara nane ukagoma. Vidole vyangu vikajua hapo hapo. Ilikuwa jioni, Jumamosi bado.

Sasa nikuambie kilichokuwa kichwani mwangu. Kulikuwa na kipande cha chokoleti, ukubwa wa kiganja, ambacho Kapteni alikiweka kifuani mwake tangu Februari. Alikuwa ameahidi tutakila Pasaka. Nilikuwa sijaonja kitu kitamu wiki tano. Nilikuwa nimekiota, mwanangu, kama kijana anavyoota mchumba. Nikaishika ile kalamu nikapiga alama ya Jumapili. Nikamtikisa bega, "Kapteni, amka, ni Pasaka." Akaamka, akaimba ubeti mmoja wa kanisani kwa sauti ya homa, akakigawa sawasawa. Chake kilikuwa kidogo zaidi.

Akalala. Alipoamka tena saa moja, akadhani ni Jumatatu, akapiga alama yake. Nilitaka kusema. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake akapima jua akaona tumesogezwa kaskazini bila kutembea, akapiga magoti kwenye theluji akashukuru. Utamwambiaje mtu aliyepiga magoti?

Nilipomfikisha melini mpishi aliniambia ni Jumatatu, nami nilikuwa na Jumanne. Kapteni alikuwa hajitambui. Nilikwangua alama moja kwa kisu. Ukiinua ukurasa wa mwisho kwenye mwanga, utaona pamekwaruzika.

Sikujua ni maili ishirini. Nilidhani ni siku tu. Siku ni nini? Mpaka ulipoandika.

Barua hii mpe baba yako, au wapelekee Kristiania, au ibandike mlangoni pa kanisa. Nimetia jina langu lote.

Mikal Andreas Bertheussen

*

Valdres, 20 Februari 1913

Kwa Bi. Ragnfrid Hauan,

Utakuwa umekwisha pata simu ya upepo kutoka ofisini. Kapteni Hauan alifariki jana Jumatano saa tano asubuhi. Pole sana. Nakuandikia mambo ambayo hayaingii katika simu.

Barua yako ilifika Jumatatu, tarehe kumi na saba. Hakuweza tena kushika karatasi, akaniomba nimsomee. Nilimsomea yote. Hesabu aliniambia niisome mara mbili, na mara ya pili alikuwa akifuatisha kwa vidole juu ya blanketi. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala.

Akasema, "Kwa hiyo ile haikuwa huruma ya Mungu." Sikuelewa, sikumwuliza.

Baadaye akasema, "Maili ishirini. Mwendo wa siku mbili. Na chakula cha kuongeza siku tatu tulikuwa nacho."

Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia kumi na saba. Akasema, "Una hakika, Sista?" Nikamwambia nina hakika. Tangu hapo alimwuliza kila aliyepita, daktari, mfagiaji, hata mgonjwa mwenzake wa forodha, ambaye alikuja kumwona na kukaa naye. Jumanne nilileta kalenda ya ofisini nikaining'iniza miguuni pa kitanda chake. Aliitazama siku nzima.

Nilimwuliza kama ana neno la kukuandikia. Alisema, "Mwambie mwandiko wake ni mzuri." Kisha akasema, "Hapana, hilo usiandike, ataelewa vibaya." Nilimwuliza basi niandike nini. Alikuwa amechoka, akasema tutaandika kesho. Nimekuandikia yote mawili kwa sababu sijui lipi alilitaka, na sikuona kwamba ni haki yangu kuchagua.

Jeneza litasafiri kwa meli ya Jumamosi.

Alvhild Rustebakke, muuguzi

*

Tromsø, 12 Juni 1913

Mjomba Mikal,

Nilitaka kukuandikia mapema, lakini nilikuwa nangoja jibu la Kristiania ili nikuandikie mara moja.

Mwezi wa Machi niliwatumia furushi la daftari lenyewe na barua yako, na mbali nalo barua yangu ambamo nilieleza kwamba mimi ndiye niliyeondoa mistari na kwamba niko tayari kuulizwa. Sikuwaomba waseme alifika. Niliwaomba waseme kwamba alikuwepo. Jibu limefika juzi. Katibu anasema Tume ilimaliza kazi yake Januari na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na kwamba ushahidi unaoletwa na familia baada ya hukumu una uzito mdogo. Pia anasema anasikitika. Furushi limerudi pamoja na barua. Nilikuwa nimelifunga kwa mafundo matano ya kibaharia aliyonifundisha Baba, na yote matano yako vile vile nilivyoyafunga.

Nililia siku hiyo, siyo sana. Bibi Lyngvær anasema kuna mwanajimu Kopenhagen anayekusanya habari za jua lile, kila mahali lilipoonekana na lilimegwa kiasi gani. Nimeanza kumwandikia. Sijui kama atajibu.

Nimesikia kwamba uliwaambia watu wote kwa Tønnes, ukiwa umesimama, na kwamba sasa wanakuita Mikal wa Chokoleti. Nilikuchukia mwezi mzima wa Machi, Mjomba. Kisha nikakumbuka kwamba wewe uliongeza siku moja na mimi nikaondoa mistari sita, na sote wawili tulifanya hivyo yeye akiwa amelala, hajui. Sikuandikii kwamba nimekusamehe, kwa sababu sijui kama ni kweli. Nakuandikia kwamba ninataka uje.

Udongo uliokuwa umeganda uliyeyuka mwishoni mwa Mei, ndipo tukamzika. Jana nilikwenda na Shangazi kwa Eliseus mchonga mawe. Shangazi alitaka iandikwe "Aliyefika Ncha ya Kaskazini," kama alivyotaka tangu mwanzo. Nikasema hapana. Tukabishana barabara nzima. Mwishowe tukakubaliana jina, miaka, na kipimo cha mahali aliposimama, basi.

Eliseus aliposoma karatasi yangu alikuna kichwa. "Themanini na tisa na dakika arobaini. Binti, umebakiza kidogo hivi? Niweke tisini. Jiwe halina tume."

Shangazi akanishika mkono. Nilijua anaomba nikubali. Hata mimi, kwa kitambo kidogo, niliona jinsi ambavyo ingependeza, tisini, namba isiyo na mkia.

Nikamwambia aweke kama ilivyoandikwa. Akaniuliza, "Una hakika?"

Palikuwa na bamba lililojaa vumbi la mawe. Nikafanya hesabu upya kwa kidole mbele yake, tangu mwanzo, siku ya uongo kwanza, kisha siku ya kweli. Nilikwenda pole pole. Aliponiuliza swali nilirudi nyuma. Alinisimamisha mahali pamoja akatoa yeye mwenyewe, kwa sauti, akitikisa kichwa. Tulipofika mwisho aliigusa ile arobaini kwa ncha ya kidole.

"Basi alikuwa kule," akasema. "Mtu hapati arobaini akiwa amekaa kitini."

Akachukua patasi yake akaanza na nane.

Ragnfrid Hauan